Sindano, Gololi na Mwendo

Mtoto aliyewahi kuizungushia pia kamba na kuirusha kwenye ua uliofagiliwa anaijua siri yake. Ikizunguka kwa kasi husimama wima kwa ncha moja. Ukiigusa inakataa, na ukiisukuma huelekea upande ambao hukuukusudia. Ukaidi huo ndio uliowawezesha marubani kuruka ndani ya mawingu. Nimevisoma sana vyombo vyao vya mwanzo, na kadiri ninavyovielewa ndivyo ninavyozidi kuwastahi watu waliojifunza kuviamini.

Kwanza tuelewe adui alikuwa nani. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo, vinyweleo vilivyomo hupinda, na ubongo hupata habari kwamba tumegeuka. Lakini mgeuko ukiendelea kwa sekunde kumi au ishirini hivi, majimaji huufikia mwendo wa mfereji, vinyweleo hunyooka, na mwili huapa kwamba umetulia. Mgeuko ukikoma, huapa kwamba sasa unageukia upande wa pili. Ardhini macho hutusahihisha. Wingu likiyafunika macho, rubani hujiona amekaa sawasawa ilhali bawa moja limelala, pua inashuka na kasi inapanda. Akivuta usukani ili apande, anaukaza tu mzunguko unaomshusha. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima marubani 20 ambao hawakuwa wamejifunza kuruka kwa vyombo. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia.

Mwaka 1926, katika kiwanja cha Crissy Field mjini San Francisco, daktari wa jeshi David Myers alimkalisha rubani William Ocker kwenye kiti kinachozunguka, macho yamefumbwa, akamuuliza anazunguka kuelekea wapi. Ocker, mtu aliyezoea anga kwa miaka, alikosea. Akaenda zake, akarudi na kisanduku alichokitengeneza, ndani yake mna taa na chombo cha kuonyesha mgeuko. Akaingiza uso kisandukuni, kiti kikazungushwa tena, na safari hii akajibu sawasawa. Kilichonigusa ni kwamba hakushindana na daktari wala hakuutetea uzoefu wake. Alikubali kwamba mwili wake umesema uongo, akaenda kumtafuta shahidi mwingine.

Shahidi huyo alikuwa kazi ya mvumbuzi Elmer Sperry. Ndani yake mna gurudumu dogo, pia iliyolazwa ubavu, linalozungushwa na hewa inayofyonzwa na mrija uliofungwa nje ya ndege. Ndege ikigeuka, gurudumu huleta ule ukaidi wa uani: huinamia pembeni na kuisogeza sindano. Chini ya sindano kuna bomba la kioo lililopinda, lenye kimiminika na gololi moja nyeusi. Mwashi akiliona atakumbuka pimamaji yake, ila hapa kinachotembea ni gololi badala ya povu. Gololi ikikimbilia kushoto, ndege inateleza ubavu, na mafundisho ya zamani ni mafupi: ikanyage gololi, yaani ukanyage pedali ya upande iliokwenda. Chombo cha tatu hupima kasi ya hewa inayoingia kwenye mrija mwembamba unaotazama mbele. Kasi ikipanda bila kuongezwa moto, jua kwamba pua inashuka.

Sindano, gololi na mwendo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachokuonyesha mbingu iko wapi na ardhi iko wapi. Sindano haijui kama umelala. Inajua tu kwamba unageuka. Kipimamwendo hakijaiona pua. Howard Stark, mmoja wa walimu wa kwanza wa kazi hii, aliwapangia wanafunzi wake utaratibu wa moja, mbili, tatu: irudishe sindano katikati kwa miguu, iweke gololi katikati kwa mabawa, kwa kuwa miguu imeshikwa na sindano, kisha irekebishe kasi kwa pua. Halafu uanze tena, bila kuchoka, hadi utoke winguni. Upeo wa macho ulikuwa kichwani mwa rubani, akiujenga upya kila nukta kwa habari chache alizopewa. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Tena si utii wa kipofu. Mrija wa kupimia kasi huziba kwa barafu, na gurudumu likikosa hewa hulegea. Kwa hiyo jicho la fundi halikai mahali pamoja. Sindano ikisema tunageuka, dira nayo ionekane inatambaa. Mwendo ukisema tunashuka, altimita, yaani kipimakimo, nayo iungame. Kila shahidi husikilizwa na kila mmoja hupimwa kwa maneno ya mwenzake, kama wazee wanavyokata shauri barazani.

Baadaye upeo wenyewe uliwekwa kwenye dashibodi. Tarehe 24 Septemba 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field, New York, rubani Jimmy Doolittle alijifungia chini ya turubai, akapaa, akazunguka na kutua bila kuona nje, kwa dakika 15 hivi. Rubani mwenzake, Ben Kelsey, alikaa mbele yake kwa usalama tu. Doolittle alikuwa na upeo wa bandia uliotoka kwa Sperry, mawimbi ya redio ya kumwonyesha njia, na altimita ya Paul Kollsman iliyoweza kutofautisha kimo cha futi chache. Hata hivyo chombo bora hakitoshi bila mazoezi. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kusafirisha barua kwa ndege, marubani wengi hawakuwa wamezoea kuruka kwa vyombo, na baadhi yao walikufa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo jeshi likanunua vindege vya mazoezi vya Edwin Link, kijana aliyekulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake. Mivukuto ile ile inayokipa kinanda pumzi aliifanya ikiinamishe na kukiyumbisha kindege kisichoondoka chumbani. Mwanafunzi alifungiwa ndani, na juu ya meza ya mwalimu kigari kidogo, walichokiita kaa, kilichora kwa wino kila alikopotelea.

Rubani ni neno la baharini. Lilimtaja mwelekezi wa chombo kabla ndege hazijakuwepo. Naona lilipanda angani kwa haki, kwani aliyeongoza jahazi usiku kwa dira na kina cha maji naye alisafiri kwa asichokiona.

Hadi leo mwalimu wa urubani huufunika upeo wa bandia na kumwachia mwanafunzi vile vyombo vya zamani. Mwili wa mwanafunzi unapiga kelele kwamba ndege imelalia kulia. Sindano imesimama katikati, gololi imetulia, mwendo haujabadilika. Anauacha mwili upige kelele, na mkono wake hausogei.