Ufundi wa Kujua Siku za Watu

Kupanga huduma kwa wateja walio nchi mbalimbali ni ufundi wa karani, na kifaa chake kilikuwa kalenda ya ukutani. Katika ofisi za mawakala wa forodha jijini Dar es Salaam, zile zinazotoa mizigo bandarini na kuipeleka Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, kalenda hiyo ilining'inia juu ya simu. Tarehe zake nyekundu zilikuwa za Tanzania tu, kama mchapaji alivyozichapa. Za nchi nyingine ziliongezwa kwa kalamu, kila nchi na wino wake, mpaka ifikapo Desemba karatasi ilikuwa imejaa alama ambazo mgeni asingeweza kuzisoma. Karani aliyeijua kazi hakuitazama mara nyingi. Mteja wa Bujumbura alipopiga simu mwanzoni mwa Oktoba kuuliza mzigo wake utafika lini, jibu alilopewa lilikuwa limeshaziruka tarehe mbili: 13, siku Burundi inapomkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyeuawa mwaka 1961, na 14, siku Tanzania inapomkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki mwaka 1999. Leo wamefunga wale, kesho wanafunga hawa. Kama mzigo ulihitaji mihuri ya pande zote mbili, tarehe 12 isipotosha kazi ilingoja 15.

Orodha ya sikukuu peke yake haimfanyi mtu fundi. Kila serikali huichapisha, na mtoto wa shule aweza kuinakili. Ugumu ni kwamba sikukuu haianzi alfajiri ya siku yake. Ina mkesha: tangu saa nane mchana wa siku iliyotangulia, foleni ya benki imefika mlangoni, bosi wa kutia sahihi ameshapanda basi kwenda kwao, na dereva ana haraka ya kulala nyumbani. Ina kesho yake pia, ambapo simu za siku mbili humwangukia mtu mmoja kabla hajanywa chai. Ikiangukia Alhamisi, Ijumaa inayofuata hubaki siku ya kazi kwenye karatasi tu. Kenya, sikukuu iliyoangukia Jumapili hulipwa Jumatatu kwa mujibu wa sheria. Tanzania, Jumapili huimeza na yakaishia hapo. Rwanda ina siku isiyomo katika orodha yoyote ya sikukuu, nayo ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, siku ya umuganda, ambapo watu hutoka kwa kazi za pamoja za mtaa na maduka hayafunguliwi mpaka kazi iishe, karibu na saa sita. Mpaka nao una hila zake: geti laweza kuwa wazi usiku na mchana huku benki ya kulipia na ofisi ya kibali zikiwa zimefungwa. Lori hupita, karatasi zake hazipiti.

Mtihani mkubwa wa ufundi huu kwa njia ya Dar es Salaam huja mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Kongo husherehekea uhuru wake wa 1960 tarehe 30 Juni. Rwanda na Burundi, zilizopata uhuru siku moja mwaka 1962, hufunga tarehe 1 Julai. Rwanda hufunga tena tarehe 4, siku ya ukombozi. Zambia ina Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayoifuata, siku ya Mashujaa na siku ya Umoja, ambazo tarehe zake hubadilika kila mwaka. Kisha Tanzania inamalizia na Saba Saba.

Mwaka 2025 mambo yalikutana vibaya. Jumatatu ya kwanza ya Julai nchini Zambia ndiyo ilikuwa tarehe 7, siku ileile ya Saba Saba. Lori lililofika Tunduma Jumamosi jioni na shehena ya Lubumbashi lilikuta Jumapili, kisha Jumatatu ambayo pande zote mbili za mpaka zilikuwa katika sikukuu, kisha Jumanne ambayo upande wa Tanzania ulirudi kazini lakini Nakonde, upande wa Zambia, bado walikuwa wakipumzika. Siku ya kwanza ambayo pande zote zilikuwa kazini kikamilifu ilikuwa Jumatano, tarehe 9. Na mwenye mzigo? Mwenye mzigo yuko Lubumbashi, na Kongo ilikuwa imeshamaliza sikukuu yake wiki nzima nyuma. Amefungua duka tangu asubuhi, hajui Mashujaa wa Zambia wala Saba Saba, anachojua ni kwamba gari lake limesimama na simu haipokelewi. Hasira yake ni ya haki kabisa. Karani wa kweli angekuwa amempigia Jumatano au Alhamisi ya wiki iliyotangulia, akamhesabia siku moja moja kwa majina yake, akamwacha mwenyewe aamue kama gari lianze safari au lisubiri yadi, ambako dereva ana pa kulala.

Saba Saba yenyewe imekwisha kuhamahama. Ilianza kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, ikawa sikukuu ya wakulima, na wakulima walipohamishiwa Nane Nane ikabaki ya wafanyabiashara. Viwanja vya maonyesho yake viko Barabara ya Kilwa, si mbali na bandari, kwa hiyo foleni ya waendao maonyesho hukutana na foleni ya malori. Sikukuu ya biashara hivyo hucheleweshea biashara mizigo yake, jambo ambalo makarani walilitania kila mwaka na kulipangia kila mwaka.

Sikukuu za mwezi mwandamo zinataka namna nyingine ya akili, maana hapo tarehe yenyewe haijulikani mpaka jioni. Mwezi ukiandama, kesho ni Idd. Usipoandama, Ramadhani inatimia thelathini. Tanzania hungoja tangazo la Mufti, Kenya hungoja la Kadhi Mkuu, na katika kila mji wapo wanaofuata mwezi wa Makka, kwa hiyo mtaa mmoja waweza kuswali Idd leo na mtaa wa pili kesho. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja, na matokeo yake yanaweza kushangaza: mwaka 2000 Idd el Fitri ilikuja mara mbili, Januari na tena Desemba, na aliyenakili kalenda ya mwaka uliopita bila kufikiri aliikosa moja. Dawa ya makarani ilikuwa kuandika mipango miwili pamoja, zamu ya "ukiandama" na zamu ya "usipoandama", zikabandikwa ubavu kwa ubavu. Mteja wa Lusaka, ambaye pengine hajawahi kuutafuta mwezi magharibi, alielezwa mapema kwamba ofisi itafungwa Jumatano au Alhamisi, na kwa nini hakuna binadamu anayeweza kumwambia ni ipi. Mtu akielezwa sababu huvumilia.

Pwani ilikuwa na ujuzi huu kabla haijawa na ofisi. Manahodha na wakulima walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua kaskazi itawaleta lini wageni wa Maskati na kusi itawarudisha lini. Na papo hapo waliushika mwaka wa mwezi kwa ibada zao. Kuishi na kalenda mbili kichwani bila kuzichanganya halikuwa jambo la kusifiwa. Watu wa Makunduchi, Zanzibar, bado huukoga mwaka huo kila Julai, ingawa wengi wanaokwenda kutazama siku hizi huiona kama ngoma tu.

Sehemu ya ufundi huu iliyo ngumu kuliko zote ni kujua siku inabeba nini. Kiswahili kina neno moja, sikukuu, na neno hilo hufunika furaha na msiba kwa shuka moja. Tarehe 7 Aprili Tanzania humkumbuka Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa Zanzibar mwaka 1972. Tarehe hiyohiyo Rwanda huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Katika orodha ya kompyuta siku hizo mbili ni mraba mmoja wenye rangi moja, na programu itumayo salamu hutuma "Heri ya sikukuu" kote kote, pamoja na picha ya maua. Ujumbe huo ukimfikia mteja wa Kigali asubuhi ya tarehe 7 Aprili hakuna punguzo la bei litakaloufuta.

Makarani wa zamani walikuwa na kanuni zao kwa wiki hiyo, na hazikuandikwa popote. Madai yote ya Rwanda yalitumwa kabla Machi haijaisha, ili mtu asipokee ankara akiwa msibani. Simu za kubembeleza malipo zilisitishwa. Aliyepokea simu kutoka huko hakusema "karibu sana mteja" kwa sauti ya kiredio. Alisalimia kwa upole, akasikiliza, akajibu lililoulizwa, akaaga. Dereva alikumbushwa kabla ya kufika mpaka wa Rusumo azime muziki. Kwenye kalenda mraba huo haukuandikwa "Rwanda wamefunga". Uliandikwa neno moja, "kimya", na kila mtu ofisini alilielewa. Ijumaa Kuu nayo ilitendewa vivyo hivyo kwa wateja Wakristo, na tarehe 21 Oktoba kwa Warundi, kwa ajili ya Rais Melchior Ndadaye aliyeuawa mwaka 1993.

Zamu za ndani ya ofisi zilipangwa kwa mazungumzo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kulipa mara mbili kwa kila saa ya kazi katika sikukuu, lakini si malipo hayo yaliyofanya simu ipokelewe siku ya Krismasi. Ilipokelewa kwa sababu Waislamu wa ofisi walikaa Krismasi na Pasaka ili wenzao waende kanisani na nyumbani, na Wakristo wakakaa Idd zote mbili na Maulidi. Aliyebaki zamu hakubaki na njaa. Sahani ya pilau ililetwa na mtoto wa mwenzake, imefunikwa kwa kawa. Deni la zamu lilikumbukwa mwaka hadi mwaka bila daftari. Sasa zamu hupangwa na programu kwa herufi za majina, na Mwislamu hujikuta lindoni asubuhi ya Idd huku Mkristo, ambaye angefurahi kukaa, akiwa nyumbani anaangalia televisheni. Wote wawili wananung'unika, na mteja anaisikia minung'uniko hiyo kwenye simu.

Nje ya ukanda huu mambo hubadilika, ingawa akili inayotakiwa ni ileile. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawana karani wa kalenda, lakini wanaijua Sikukuu ya Majira ya Kuchipua ya China, yaani mwaka mpya wa Wachina, kuliko wanavyoijua Nane Nane. Maneno "Wachina wamefunga" yakisemwa mwishoni mwa Januari hutosha kueleza kwa nini bidhaa haipo na bei imepanda. Kwenye karatasi serikali ya China hutoa siku chache tu. Kwa kweli viwanda hutulia kwa wiki kadhaa, kwani wafanyakazi husafiri mbali kwenda kwao. Kisha zipo Jumamosi na Jumapili ambazo Wachina huzifanyia kazi kufidia mapumziko hayo, na mtu wa Dar es Salaam asiyejua hushangaa kupigiwa simu ya kiwandani siku ya Jumapili. Maskati hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kati yake na Dar es Salaam inayofunga Jumamosi na Jumapili hubaki siku nne tu za kukutana, Jumatatu hadi Alhamisi. Falme za Kiarabu zilikuwa hivyohivyo mpaka mwanzo wa mwaka 2022, zilipohamia Jumamosi na Jumapili na kuibakiza Ijumaa nusu siku. Ofisi ambazo hazikuifuta alama ya zamani ziliendelea kwa muda kuzikwepa Ijumaa asubuhi ambazo zingefaa kwa kazi.

Zipo pia siku zisizotabirika. Tarehe 10 Mei 2024 Kenya ilipumzika ili kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, na tangazo lilitoka siku mbili tu kabla. Tanzania ilipumzika tarehe 23 Agosti 2022 kwa ajili ya sensa. Kalenda haiwezi kuyajua hayo. Yalijulikana kwa kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na kwa kuwa na mtu wa kumpigia mpakani, Namanga au Malaba, akasema, "Ndugu yangu, kesho usilete gari."

Ofisi nyingi leo hazina mtu wa kumpigia. Mteja akiandika ujumbe hujibiwa papo hapo kwamba ofisi zimefungwa kwa sababu ya sikukuu na kwamba atahudumiwa siku ya kazi inayofuata. Sikukuu ya nani, haisemwi. Siku ya kazi ya nchi gani, haisemwi. Hata saa haisemwi ni ya wapi, ilhali Lusaka, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja.

Kalenda za ukutani bado huchapwa na kugawiwa kila Desemba, lakini siku hizi hutundikwa kwa ajili ya picha, na mwaka huisha bila hata alama moja ya kalamu. Zile za zamani hazikutunzwa. Januari ilipofika zilishushwa, zikachukuliwa nyumbani kuwekea kava madaftari ya watoto, upande mweupe ukiwa nje ili jina la mwanafunzi liandikwe, na upande wenye wino wa rangi nyingi ukafichwa ndani, pamoja na mraba ule wa Aprili.