Falsafa ya Umma na Vitabu vya Wasomi

Horohoro ni mpaka wa nchi, si mpaka wa fikra. Kusini yake, mjini Tanga, Kelly Askew wa Marekani alichunguza taarabu, akachapisha kitabu mwaka 2002. Kaskazini, mjini Mombasa, Kai Kresse wa Ujerumani aliwachunguza wenye hekima, akiwemo mshairi Ahmed Nassir na fikra zake juu ya utu. Kitabu chake kilitoka mwaka 2007.

Wasomi hawa wamethibitisha jambo la msingi: umma hufikiri. Askew ameonyesha kwamba anayeinuka kumtunza mwimbaji huweza kuyatumia maneno ya wimbo kumjibu mwenzake hadharani. Huo ni ubishani juu ya haki na heshima, si burudani tupu.

Lakini vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza. Enzi ya ukoloni mkonge wa Tanga ulisafirishwa ukiwa malighafi. Je, fikra zetu nazo zisafirishwe vivyo hivyo? Wala si kila wimbo hutetea haki: fumbo laweza kumdhalilisha mnyonge. Kwa hiyo, ndugu makada na wanafunzi, hatuna budi kuuchambua wimbo pamoja na wenyewe, kwa Kiswahili: unamtetea nani, unamwumiza nani? Nadharia isiyorudi kwa umma ulioizaa hugeuka mali ya wachache.