Kasi Inayodanganya Kati ya Lodoare na Karatu

Barabara ya lami kutoka lango la Lodoare, Ngorongoro, hadi Karatu mjini, ambayo ndiyo njia ya mbio za Ngorongoro Marathon za kilomita 21, huteremka sehemu kubwa. Hapo saa janja humvimbisha mtu kichwa. Kasi inapendeza, mapigo ya moyo yametulia, naye anazidisha mwendo. Kumbe mapaja yanapokea kishindo kwa kila hatua, na hakuna kihisi mkononi kinachopima hilo.

Akigeuka kupanda, kasi inaporomoka hata kama anajituma ipasavyo. Karatu yenyewe iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huuhimiza moyo mapema. Kwa kupanda, basi, naiondoa kasi kwenye skrini. Yabaki mapigo ya moyo, tena peke yake, kwa tarakimu kubwa.

Nasisitiza peke yake kwa sababu wengi hurundika vipimo vinne au zaidi kwenye kioo kimoja. Mkono unabembea, jua linamulika, jasho linaingia machoni, na nyuma yako kuna gari la watalii. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2019, Tanja Blascheck na wenzake waliona kuwa chati za pau na za duara lililo wazi katikati husomeka haraka kuliko pau zilizopindwa. Mkimbiaji hakai maabara, lakini ndiyo maana napenda ukanda wa rangi pembezoni mwa kioo: jicho hujua moyo uko ngazi gani kabla ya kusoma namba.

Hata moyo huchelewa. Mlima ukianza, mapigo huchukua muda kupanda, kwa hiyo mwanzoni sikiliza pumzi. Kasi ya papo hapo nayo hukokotolewa kwa ishara za setilaiti na kulainishwa. Juu ya lango, ndani ya msitu, miti huzikinga ishara hizo na namba inarukaruka.

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiongoza tangu mwanzo. Uwanja ni tambarare, hivyo muda wa kila mzunguko husema kweli. Barabarani, kinachokaribia hilo ni wastani wa kilomita nzima. Kwenye mteremko iache saa itetemeke kila kilomita, uitazame wakati huo tu, na kilomita za mwanzo zikitoka za haraka kuliko ulivyopanga, punguza.