Herufi za Köppen na miji yetu: Nairobi ni London ndogo?



Kila mara mtu akitaka kutuambia Nairobi ni mji wa namna gani, hutoa herufi C. Eti Nairobi iko kundi moja na London, kundi la hali ya hewa ya wastani. Watu huyasema haya kwa fahari, kana kwamba herufi ile ni cheo. Mimi nimesomesha jiografia huku ughaibuni kwa miaka mingi, na naomba tuitazame herufi yenyewe kabla ya kujivunia.

Wladimir Köppen, mzaliwa wa St Petersburg, alianza na elimu ya mimea. Mwaka 1900 alitoa uainishaji wake akifuata mipaka ya uoto, akaurekebisha mara kadhaa, na baadaye Rudolf Geiger akauendeleza, ndiyo maana leo husemwa Köppen-Geiger. A ni joto la tropiki, B ukavu, C wastani, D baridi ya bara, E barafu. Ili mji uwe A, mwezi wake wenye baridi kuliko yote lazima ufikie wastani wa digrii 18. Nairobi mwezi wa Julai haifiki. Basi inaangukia C, ambayo kwa kipimo chake Köppen huanzia digrii 3 chini ya sifuri hadi 18. Mpana kama uwanja wa mpira! Januari ya London ni kama digrii 5 au 6. Mkaazi wa Nairobi anavaa sweta Julai, wa London anawasha hita miezi mitano, na wote ni C.

Mwambao wetu ndio umeonewa khasa. Herufi ya pili inauliza: ukavu unakuja wakati wa baridi au wakati wa joto? Ni swali la mtu wa Ulaya. Sisi tuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Disemba. Kusini ya ikweta, kanuni inaukata mwaka mapande mawili, Oktoba hadi Machi na Aprili hadi Septemba, kwa hiyo masika yenyewe yanapasuliwa kati. Matokeo yake ni kichekesho: Mombasa, ambayo mwezi wake mkavu kabisa huwa Februari, huandikwa As, Dar es Salaam, ambayo hukauka zaidi Julai hadi Septemba, huandikwa Aw. Pwani moja, mvua zile zile mbili, majina mawili. Na katika ramani zinazotumika sana leo hakuna alama yoyote ya kusema "mvua mara mbili kwa mwaka". Mkulima wa Tanga analijua hilo bila herufi.

Lakini mfano unaoniuma zaidi uko Oman, na ndugu zetu wa huko wataniunga mkono. Muscat ni BWh, jangwa la joto. Salalah nayo ni BWh. Sasa nenda Salalah mwezi wa Agosti! Milima ya Dhofar imefunikwa ukungu, majani kijani, manyunyu hayakatiki, na mjini kuna minazi kama ya Unguja. Wenyewe wanaita khareef. Na khareef ni nini kama si kusi letu? Upepo ule ule unaopiga mwambao wetu unavuka ikweta, unageuka, unafika Dhofar, unachochea maji baridi ya bahari yapande juu, na hapo ukungu unazaliwa. Miti hunasa matone, majani yakadondosha maji ardhini. Kipimamvua kilichosimama mahali pa wazi hakiyaoni maji hayo, na hesabu ya B haina nafasi ya ukungu. Mtu aliyeanzisha kazi yake kwa kutazama mimea ameacha kanuni isiyouona msitu uliosimama mbele yake.

Mtaniambia, haya ni mambo ya wapima mvua, yanatuhusu nini? Yanatuhusu pale herufi inapopandishwa kutoka mji hadi nchi. Mwaka 2001 Jeffrey Sachs alitumia kanda hizi za Köppen-Geiger kujenga hoja kwamba tropiki yenyewe, kwa maradhi yake na kilimo chake, ni sababu kubwa ya umasikini. Mwaka huo huo Acemoglu, Johnson na Robinson wakasema la, tazameni taasisi zilizoachwa na wakoloni. Wao walipewa Nobel mwaka 2024. Sipingi kwamba malaria inarudisha watu nyuma, wallahi hilo nimelishuhudia. Napinga kuigeuza nchi nzima kuwa herufi moja. Tanzania ni herufi gani? Dar ni A, Dodoma ni B, Mbeya ni C, na kileleni Kilimanjaro ni E. Chukua wastani wa hizo, utapata nchi ambayo hayupo mtu anayeishi ndani yake.

Ramani ya Beck na wenzake ya 2018 imeshuka hadi kilomita moja, na hilo ni jambo la kushukuriwa, maana Kilimanjaro sasa inaonekana tabaka kwa tabaka. Lakini ukuze picha utakavyo, kanuni iliyo chini yake ni ile ile: Salalah bado jangwa, na masika na vuli bado hayana herufi.