Kibaba cha Mfuto

Methali husema haba na haba hujaza kibaba, lakini haituambii kibaba chenyewe ni cha mfuto au cha tele. Aliyewahi kununua mchele kwa kibaba anaijua tofauti. Muuzaji mmoja hukitikisa kipimo mpaka punje zilaliane, akaongeza mpaka zimwagike pembeni. Mwingine huchota harakaharaka, akapitisha kiganja juu, akamimina. Chombo ni kilekile na mchele ni uleule, ila mizigo miwili inayokwenda nyumbani haiwi sawa.

Nimekikumbuka kibaba hicho nikiutafakari ufundi ulio mbali na soko la mchele: kujaza upya risasi nyumbani. Kwetu si kazi ya kufanyia uani. Marekani, hata hivyo, si ajabu kumkuta mwindaji au mlenga shabaha amejifungia gerejini jioni, na maganda matupu ya shaba yamepangwa mbele yake. Huyasafisha, akayarudishia umbo, akachomeka fataki mpya, akatia baruti, kisha akakaza kichwa cha risasi juu yake. Kila hatua ina adabu yake, lakini ya baruti ndiyo inayompima fundi mwenyewe.

Wazee wa gobore walimimina baruti nyeusi kwa kikombe, wakashindilia, na silaha ikawavumilia. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina nguvu zaidi na haina uvumilivu huo. Ikipungua kidogo, mwendo wa risasi hupungua, nayo hutua chini ya ile iliyotangulia. Ikizidi, shinikizo hupanda, na bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Ndiyo maana mafundi huipima kwa greni, kipimo kilichopata jina lake kutokana na punje ya nafaka. Ratili moja ina greni 7,000. Fundi makini hutaka ganda na ganda yasipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi ya greni, yaani miligramu sita na nusu hivi. Chukua punje moja ya mchele, uikate vipande vinne: kipande kimoja ndicho kinachomnyima usingizi.

Sasa cha kushangaza: chombo anachotumia mara nyingi ni kibaba tu. Ni mashine ndogo yenye chupa ya baruti juu na silinda yenye tundu chini yake. Mpini ukiinuliwa, tundu hujaa. Ukishushwa, baruti humwagikia kwenye ganda. Mashine haipimi uzito, inapima ujazo, kwa hiyo ina maradhi yote ya kibaba. Chupa ikikaribia kwisha, baruti hushuka kwa uzito mwingine. Meza ikitikisika, punje hulaliana na tundu hubeba zaidi. Baruti ya chembe za mviringo huteleza kama mtama, lakini ile ya vijiti hukwama, hujenga daraja ndani ya mrija, na wakati mwingine vijiti hukatwa na silinda, na mkono ukahisi mkwaruzo.

Dawa ya maradhi hayo ni mkono usiobadilika. Inua kwa kasi ileile, gonga mara zilezile, shusha vilevile. Chupa isiachwe ishuke sana. Dozi chache za mwanzo zirudishwe chupani, mpaka baruti itulie. Kisha, kila baada ya maganda kadhaa, moja lipelekwe kwenye mizani kutoa ushahidi. Mwenye haraka ndogo zaidi hupima pungufu kwa makusudi, akaikamilisha juu ya mizani kwa kudondosha punje mojamoja, feni ikiwa imezimwa, kwa sababu upepo mdogo tu huifanya mizani iseme uongo.

Ungedhani mabingwa wote hufanya hivyo. Lakini wapo washindani wa kulenga shabaha kwa bunduki iliyoegemezwa mezani, umbali wa yadi 100 na 200, wanaojaza risasi zao palepale uwanjani kwa kibaba cha mashine bila kupima kila dozi, na matundu yao kwenye karatasi huingiliana mpaka yakawa kama moja. Wamekizoeza kiwiko mpaka kikawa mizani.

Hapo ndipo ninapoupendea ufundi huu. Sokoni, anayepima ni mmoja na anayepunjwa ni mwingine, na mkono hupata kishawishi. Kwenye meza ya baruti, mpimaji na mnunuzi ni mtu mmoja. Akijidanganya, hakuna wa kumlalamikia. Shavu litakaloegemea bunduki ni lake. Uaminifu wa namna hiyo hauhitaji mkaguzi wala muhuri wa vipimo, unahitaji mtu anayefanya mara ya hamsini kama alivyofanya ya kwanza, hata pale ambapo hakuna anayemtazama.

Kabla ya kukaza kichwa chochote cha risasi, fundi huyapanga maganda yake hamsini kwenye kibao, akawasha tochi na kuchungulia ndani ya kila moja. Baruti yote inapaswa kuwa kimo kimoja. Likionekana hata moja lililopanda au kushuka, halibahatishwi: humwagwa, likapimwa upya.