Mstari Mmoja wa Wino

Mpwa wangu anaishi uani kwangu, Njiro, katika chumba ambacho zamani nilikuwa nahifadhia pumba za kuku. Ikifika saa 10:30 jioni, wakati wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu wanapodandia bodaboda kurudi magetoni, yeye huvuta kiti, hufungua kompyuta yake, hufungua na kaunta buku, kisha hafanyi kitu. Anaangalia tu. Siku moja nilikaa naye saa nzima na zaidi, chai ikapoa, ikaota utando, wala sikuona kidole chake kikigusa chochote. Mbele yake tarakimu zilikuwa zikipanda na kushuka kama sisimizi ukutani. Ghafla kidole kikagonga mara moja. Baada ya dakika kama mbili kikagonga tena. Akachukua kalamu, akaandika.

"Umepata ngapi?" nikamuuliza.

"Dola tano, mjomba. Leo kazi imekwisha." Akafunga kompyuta. Jua lilikuwa bado halijazama.

Sitaki kuficha kwamba mwanzoni nilidhani ni mikeka. Nani hapa mjini asiyeijua? Unasimama kwenye kibanda cha chipsi, kijana anakueleza jinsi mkeka wake wa mechi 12 ulivyochanika kwa timu moja tu, tena dakika za nyongeza, na unavyomsikiliza unaona kabisa kwamba kesho anasuka mwingine. Dada yangu aliponiomba nimpe mwanawe chumba, nilimwekea sharti moja: nyumbani kwangu hakuna kamari. Kijana akaitika, "Sawa mjomba," kisha akaniomba nimpe wiki moja ya kutazama kabla sijaiita kazi yake kwa jina lolote. Nilitazama zaidi ya wiki.

Alijifunzia kazi hii Leicester, Uingereza, alikokuwa akipanga maboksi ghalani usiku. Mchana, badala ya kulala, alikuwa akiingia Betfair, soko la dau lililoanza mwaka 2000, ambako mtu hachezi na kampuni bali na mtu mwenziwe: mmoja anasema farasi huyu atashinda, mwingine anasema hatashinda, na bei inapatikana katikati yao. Yeye farasi hakuwajua hata majina. Aliingia kwenye 3.50 akisema atashinda, bei ikishuka hadi 3.45 anapokea dau la mwingine, anasawazisha pande zote, na kilichobaki katikati ni chake, kabla farasi hawajatoka hata kwenye vizimba vyao. Farasi ashinde, ajikwae, amwangushe mpandaji, shauri lake. Soko lilikata kamisheni yake na siku ikaendelea. Waliokuwa mabingwa wa kweli walikatwa zaidi: mwaka 2008 ilianzishwa ada ya ziada kwa wanaoshinda mfululizo, na 2011 ikafikishwa hadi asilimia 60 kwa baadhi yao. Mpwa wangu hakufika ngazi hiyo. Aliniambia huku akicheka kwamba angefurahi sana kukatwa hivyo.

Aliporudi nyumbani akahamia kwenye mikataba ya bei za mbele, ile ya Chicago. Anafanya mikataba midogo ya faharasa ya hisa za makampuni 500 ya Marekani, iliyoanzishwa Mei 2019, ambayo kila kipandio kimoja cha bei ni dola 1 na senti 25. Nilipomuuliza imekuwaje ufundi wa farasi ukafaa kwa hisa, aliniwekea ngazi mbili kwenye kioo, ya kule alikotoka na ya huku aliko. Zilifanana kama mapacha: bei katikati, wanaotaka kununua upande huu, wanaotaka kuuza upande ule. Ila ngazi ya farasi vipandio vyake si sawa. Kutoka 1.01 hadi 2 unapanda kwa 0.01, ukivuka 2 unapanda kwa 0.02, ukivuka 3 ni 0.05, na kadiri unavyokwea ndivyo miguu inavyotanuka. Ngazi ya Chicago vipandio vyote ni sawa. Ukiitazama utasema hii ndiyo rahisi.

"Hapo ndipo nilipoumia," akasema. "Farasi wanafika, mjomba. Ukikosea, mbio zikiisha na kosa lako limekwisha. Huku hakuna anayefika."

Akanisimulia usiku wa mwezi wake wa pili. Bei ilimwendea kinyume, umeme ukakatika, akahamia kwenye simu. Angeweza kutoka. Alikuwa na chaji ya kutosha, alikuwa na bando, na alijua kabisa kwamba kiwango cha hasara alichojiwekea kimeshapita. Akakaa, kwa sababu bei ilishawahi kurudi siku nyingine. Kwenye dau, hakiondoki zaidi ya ulichoweka. Huku unaweka dhamana kidogo unabeba mzigo mkubwa, na mzigo ukielemea unaulizwa dhamana nyingine. Akiba ya miezi minne ilikwenda kabla umeme haujarudi.

Aliponionyesha ukurasa wa usiku ule ndipo nilipomkumbuka baba.

Baba alikuwa karani wa chama cha msingi, huku juu mlimani Meru, enzi za mizani ya kuning'iniza. Watu walishuka na kahawa ya maganda kwenye magunia, wanawake wengi wakiwa nayo kichwani, na kabla ya kupima alichota kiganja kimoja, akaichezesha karibu na sikio. Kahawa iliyokauka inalia mlio mwembamba, kama changarawe ndani ya kibuyu. Isiyokauka hailii, inanung'unika. Kisha alitoa punje moja, akaibandua ganda kwa ukucha, akaiuma kwa meno ya mbele. Jino likizama, alirudisha gunia, hata likiwa la shemeji yake, na shemeji yake alirudi nalo kweli, akanuna mpaka Krismasi. Akishapima aliandika. Na akikosea kuandika hakufuta. Mwalimu wangu wa shule alikuwa akifuta kwa mate na kidole mpaka karatasi inatoboka. Baba alipiga mstari mmoja wa wino juu ya kosa, mwembamba, ili anayetaka kulisoma alisome, kisha akaandika sahihi pembeni na herufi za jina lake. Nilipokuwa mdogo nilimwonea aibu kwa ile mistari. Kurasa za makarani wengine zilikuwa safi.

Sasa huyu kijana, ambaye babu yake alikufa kabla hajazaliwa, amepiga mstari mmoja mwekundu juu ya usiku wake mbaya na hesabu yote inasomeka chini yake. Pembeni ameandika saa aliyopaswa kutoka, na saa aliyotoka. Hakuna aliyemfundisha. Nimemuuliza.

Baba hakuiweka bei, aliitangaza tu. Julai 1975 baridi iliunguza mibuni ya Paraná, Brazil, na kufikia 1977 ratili moja ya kahawa ilipita dola 3 New York. Huku mlimani watu walimshukuru karani. Wengine walimletea ndizi. Julai 1989 mgao wa mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka karibu nusu katika miezi michache, na watu wale wale wakaacha kumsalimia. Yeye alikuwa na mizani tu na wino. New York walikuwa wameanza kupangiana bei za kahawa ya kesho tangu 1882, na Chicago walikuwa na soko lao la nafaka tangu 1848. Sisi habari zilitufikia kupitia redio, zikiwa zimeshapoa.

Na tusidanganyane kwamba kuuza kesho ni jambo la wageni. Kagera wana neno lake: butura. Mkulima ana ada ya shule au msiba, mibuni imetoa maua, anakuja mwenye fedha anainunua kahawa ikingali ua kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na kwa haki. Lakini hunikera kidogo kwamba jambo moja, likifanywa na mwenye shida chini ya mgomba, ni dhuluma, na likifanywa kwenye kioo, lina chuo na cheti. Nadhani tofauti iko hapa: mwenye butura hana mlango wa kutokea. Siku hizi Soko la Bidhaa Tanzania linauza ufuta na korosho kwa mnada wa kompyuta, mali ikiwa imeshafika ghalani. Bei ya ua bado tunaitazama ng'ambo.

Vijana wanakuja kwa mpwa wangu kujifunza. Wamepitia kwa wale walimu wa simu, wanaopiga picha na gari la kukodi na kuuza kozi, na wengi wao wameshaunguza akaunti mara mbili tatu. Wanauliza swali moja tu: "Kaka, unaingia wapi?" Anajaribu kuwaeleza ya kutoka, ya kukaa, ya kaunta buku. Wa mwisho alimwuliza kama hakuna roboti ya kufanya hayo. Hawarudi. Nami siwalaumu sana, maana kati ya wanaofanya kazi hii wengi hupoteza, yeye mwenyewe hawafichi, na dola tano baada ya jioni nzima ya kungoja si picha ya kuweka kwenye simu.

Kahawa yenyewe haigusi. "Ni kubwa kwangu, mjomba. Mkataba mmoja ni ratili 37,500." Karibu tani 17, dhamana yake tu ni maelfu ya dola. Lakini bei yake anaiweka wazi pembeni ya kioo, sijui kwa nini, mpaka New York wanapofunga, majira haya saa 2:30 usiku. Anakijua kila kipandio ilichopanda tangu Januari. Upande wa Tengeru na Usa River, ambako mibuni ilikuwa ikigusa barabara, leo kuna mashamba ya maua na fensi za nyumba. Mimi nimebakiwa na mti mmoja, karibu na tangi la maji.

Juzi niliuchuma, nikaanika kwenye sinia. Jioni nikaingia chumbani kwake na punje chache kiganjani, nikamwambia aniambie kama zimekauka. Akazigeuza. Akazinusa. Sikumwambia kuhusu sikio, wala ukucha. Mwisho akaweka moja mdomoni ikiwa na ganda lake, akaiuma, akabaki ananitazama usoni, anangoja nimsomee.