Vitofali Tisa Mezani

Ukishuka kituo cha metro cha Mall of the Emirates ukaingia ndani ya Al Barsha, Dubai, hutembei sana kabla ya kukutana na geti la shule. Asubuhi mabasi ya manjano yanapanga foleni, na watoto wanashuka wakizungumza lugha ambazo mlinzi ameshaacha kuzihesabu. Humo ndani kuna mtu ambaye wazazi wengi wa kwetu hawamjui mpaka siku wanapoitwa: mwanasaikolojia wa shule. Huja wamenuna, wakidhani mtoto ameitwa kichaa.

Mimi nataka kuisifu kazi ya mtu huyu, hasa ile sehemu yake isiyoonekana, yaani miaka aliyofundishwa kujizuia.

Tazama mezani. Mbele ya mtoto kuna vitofali vidogo. Kila kimoja kina pande mbili nyekundu, mbili nyeupe, na mbili zilizogawanywa kwa mshazari, nusu nyekundu nusu nyeupe. Anaonyeshwa mchoro, aujenge. Michoro migumu inadai vitofali tisa. Hiki ni kipande kimoja cha kipimo cha akili cha Wechsler cha watoto, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949, na toleo lake la tano mwaka 2014. Mpimaji anasoma maelekezo neno kwa neno. Mtoto akipatia, haruhusiwi kumwambia amepatia. Akikosea, uso wa mpimaji usibadilike. Saa iliyo mkononi hailii. Huku akiwa kimya hivyo, macho yanafanya kazi: mtoto ameanzia pembe gani? Amebomoa akajenga upya? Anamtazama mpimaji usoni kutafuta jibu? Muda ukiisha kimebaki kitofali kimoja, pointi hakuna. Lakini fundi mzuri humwacha amalizie, kisha pembeni mwa karatasi anaandika kwamba alimaliza. Ufundi uko hapo pembeni.

Kunyamaza namna hiyo hakuji kwa kusoma kitabu. Nchini Marekani, chama cha wanasaikolojia wa shule, NASP, hakimpi mtu cheti chake cha kitaifa kwa shahada ya kwanza. Kinadai krediti 60 au zaidi za masomo baada ya shahada hiyo, mtihani, na saa 1,200 za mafunzo kazini chini ya msimamizi, angalau 600 kati yake ndani ya shule. Uingereza walikuwa wakimchukua mwalimu mzoefu na kumsomesha uzamili wa mwaka mmoja. Tangu 2006 njia ikawa udaktari wa miaka mitatu, na tangu 2009 cheo chenyewe kinalindwa kisheria. Mimi zile saa 1,200 ndizo zinazonivutia. Ndani yake mwanafunzi anapima, anaandika ripoti, msimamizi anairudisha: hapa umesema mtoto ni mvivu, nani alikuambia? Andika ulichokiona.

Vyeti hivyo vikifika Dubai vinaanza safari nyingine. Vigongwe muhuri wa wizara ya mambo ya nje kwao, vigongwe wa ubalozi, chuo kiulizwe kama kweli kilivitoa. Mwanasaikolojia wa kliniki anaomba leseni kwa Mamlaka ya Afya ya Dubai. Shule binafsi zenyewe ziko chini ya KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai, ambayo mwaka 2017 ilitoa sera ya elimu jumuishi. Mihuri hii imenichosha hata mimi, ambaye sijawahi kumpima mtoto. Hata hivyo, ripoti moja mbaya inaweza kumfuata mtoto shule tatu, nchi mbili. Acha wagonge.

Kinachompima fundi hasa ni siku anapoitilia shaka namba yake mwenyewe. Alama 100 ni wastani, lakini wastani wa watoto gani? Jedwali limetengenezwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza. Mtoto wa Mombasa anayesema Kiswahili nyumbani, Kiingereza darasani, na Kiarabu vipindi kadhaa kwa wiki hayumo humo. Msamiati wake ukiwa chini, ni akili au ni lugha?

Kwetu swali hili si geni. Huko Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti akiwemo Frederick Okatcha waliwapima watoto 85 ujuzi wa dawa za miti shamba, wakachapisha matokeo mwaka 2001: waliozijua sana dawa walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Werevu wao ulikuwa shambani. Kilifi nako Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kilichotengenezwa hukohuko, kwa vitu ambavyo mtoto wa pale anavifahamu. Mpimaji wa Al Barsha anayeijua habari hiyo huandika katika ripoti yake kwamba alama hii isomwe kwa tahadhari, na anaeleza kwa nini. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyogharimu miaka yote ile.

Basi mzazi mwenzangu, ukiitwa, usianze kwa kuuliza alama. Mwambie mpimaji nyumbani mnasema lugha gani, na mtoto amehama shule mara ngapi. Halafu umuulize aliandika nini pembeni mwa karatasi.